Kumnyanyua Njiti

Twiga, kama walivyomwita msichana mrefu kuliko wote kambini, aliteleza bafuni Jumatatu asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni, na kabla ya chai kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevimba hata kiatu kikakataa kuingia. Daktari wa timu alikibinya huku na huku, akasema hakijavunjika, ila kwa wiki tatu hakitamkimbiza mtu. Safari ya mashindano ilikuwa imebakiza siku kumi.

Hiyo ilikuwa timu ya taifa ya raga ya wasichana wa chini ya miaka kumi na minane, ile raga ya wachezaji saba kila upande. Walikuwa wasichana kumi na wanane, wamepiga kambi katika chuo cha ualimu ambacho wanachuo wake walikuwa likizoni. Walilala kwenye vitanda vya ghorofa, wakala kwenye meza ndefu zilizochorwa majina ya wapenzi wa zamani, na kutwa wakawa uwanjani. Kumi na wawili ndio wangepanda ndege kwenda kwenye mashindano ya nchi nane. Sita wangerudi makwao na soksi za kambi.

Kwa hesabu yake mwenyewe, wa kwanza katika hao sita alikuwa Njiti. Alipewa jina hilo siku ya kwanza, alipovua koti. Alikuwa na mbio, hilo hakuna aliyelibisha, lakini akishikwa tu aliruka kama kandambili iliyorushwa na mama mwenye hasira. Alikuwa ameshampigia simu baba yake, fundi wa lifti, kumwandaa kisaikolojia. Baba alimjibu kwamba yeye ameandaliwa na maisha, aendelee na mazoezi.

Basi Jumatatu hiyo kocha alipanga timu mstari mmoja, akawapitia polepole. Kocha alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyecheza raga miaka kumi na mitano mpaka sikio lake la kushoto likakunjamana kama karatasi iliyotupwa. Alisimama mbele ya Njiti.

"Una kilo ngapi?"

"Arobaini na saba, kocha."

"Utanyanyuliwa wewe."

Maana yake ilikuwa hivi. Mpira ukitoka nje ya uwanja, timu mbili hujipanga kwa mistari, mmoja anaurusha mpira katikati, na kila timu humwinua mtu wake hewani akaudake. Anayeinuliwa husimama kati ya wenzake wawili. Wa mbele humshika mapaja, juu kidogo ya magoti, wa nyuma humshika chini ya makalio, wakamwinua kwa pamoja mpaka mikono yao inyooke. Kazi hiyo ilikuwa ya Twiga. Wanyanyuaji wake walikuwa Tingatinga na Mama Mkwe, wasichana wawili wenye mabega ya kufungia mlango.

Tatizo ni kwamba Tingatinga na Mama Mkwe walikuwa hawasemezani. Tingatinga alikuwa akikoroma, tena si kukoroma kwa kubahatisha, ni kukoroma kwa mpangilio. Mama Mkwe, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna kitu kilichompita bila kukitolea kasoro, alimrekodi kwa simu, na asubuhi ya Jumapili akaipiga ile sauti mezani, mbele ya timu nzima. Watu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Tingatinga hakucheka. Aliweka kikombe chini, akahama meza, na tangu hapo hakumpa mwenzake hata salamu. Mama Mkwe naye alisema ulikuwa utani tu, na mtu asiyejua utani si kazi yake kumfundisha.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi za safari hii zilikuwa zinainuliwa hewani. Kwa kawaida mnyanyuaji wa mbele huita "Sasa," na wote wawili wakainua. Mama Mkwe alikuwa mbele. Alipoita, Tingatinga alijifanya hakusikia, akahesabu kichwani mwake mwenyewe, akainua alipotaka. Njiti alipanda upande mmoja kwanza, akalala hewani kama ubao, kisha akaja chini kwa mgongo. Mara ya pili alipanda makalio yakitangulia. Mara ya tatu alikuwa bado kwenye mapaja ya mmoja na mabega ya mwingine, yeye mwenyewe hajui yuko wapi, Mama Mkwe alipomwambia kwa upole:

"Njiti, mwambie mtu aliye nyuma yako kwamba tunanyanyua mtu, hatukamui nguo."

"Njiti," sauti ya nyuma ikajibu, "mwambie aliyekutuma kwamba akiita vizuri nitasikia."

Njiti alifikisha ujumbe wote, kichwa chini miguu juu. Kisha kicheko kikamjia, na mtu anayecheka hanyanyuliki. Akawaponyoka wote wawili, akaketi kwenye nyasi akishika mbavu.

Alimsimulia baba yake simuni, naye akalichukulia jambo lile kama kazi iliyoletwa karakana. Aliuliza kilo za kila mmoja, urefu wa mikono yao, na nani anatangulia. Mwishowe akasema hao wenye ugomvi hawawezi kurekebishwa na fundi yeyote, lakini yeye Njiti ana kosa lake. "Ukiwa juu usijilegeze. Jikaze kuanzia unyayo mpaka shingo. Mzigo unaoning'inia ni mzito mara mbili."

Twiga ndiye aliyemfundisha kudaka. Kila baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya bweni, mguu wake umewekwa juu ya kiti kingine, akamrushia soksi zilizoviringishwa, moja baada ya nyingine, huku Njiti akiruka. Hakuwa na kinyongo cha kuonekana. Mara moja tu, alipokuwa akiviringisha soksi, alisema kwamba huko juu kuna kitu hawezi kumweleza mtu, lazima ukione mwenyewe. Halafu akamrushia soksi ya uso na kumwambia aache kushangaa.

Njiti alikiona Alhamisi. Sijui ni bahati au ni uchovu, lakini safari hiyo Mama Mkwe aliita na Tingatinga, kwa hesabu zake za kichwani, akaangukia sekunde ileile. Njiti alijikaza unyayo mpaka shingo, akapanda. Akapanda tena pale alipodhani amefika. Akajikuta anatazama juu ya ukuta wa uwanja, ukuta ambao siku zote alidhani ndio mwisho wa dunia ya kambi.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na karakana ya masofa. Ua mzima ulikuwa umejaa masofa yaliyoanikwa juani, mekundu, ya bluu, ya rangi ya maziwa, mengine bado yamevikwa nailoni, na juu ya sofa jekundu kuliko yote alilala mzee mwenye aproni, viatu amevipanga vizuri chini, mdomo wazi, nyundo imemlalia kifuani kama mtoto. Njiti alisahau yuko kwenye mazoezi. Alitazama kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mpira ulikuja kama ulivyotakiwa kuja, ukampiga kwenye paji la uso, ukaruka juu, ukavuka ukuta.

Waliposikia sauti ya mzee akiamka, wasichana wote wakajua kuna jambo.

Njiti alishushwa, akatakiwa aeleze. Alijaribu. Alisema "sofa," akashindwa kuendelea. Akasema "nyundo," akakaa chini. Kicheko kile kiliambukiza kama upele, kikapita mstari mzima. Wasichana ambao hawajui wanacheka nini walikuwa wanafuta machozi, na kila mmoja akawa anataka anyanyuliwe aone. Kocha alipiga filimbi mara mbili bila faida. Mpira uliopotea ulikuwa mmoja kati ya mitatu mizuri waliyokuwa nayo. Alitazama ukuta, akatazama geti lililokuwa mbali upande wa pili wa chuo, kisha akamvisha Njiti filimbi yake shingoni na kwenda kusimama kati ya Tingatinga na Mama Mkwe.

"Ninyanyueni," akasema.

Kocha hakuwa na kilo arobaini na saba. Mama Mkwe aliita "Sasa," na Tingatinga, kwa mazoea, akachelewa. Kocha alipanda nusu, kichwa chake kikatokeza juu ya ukuta, akawahi kusema, "Shikamoo mzee, naomba..." kisha akazama.

Sasa Njiti hakuwa katikati tena, na hapakuwa na mtu wa kutumwa ujumbe. Kocha aliegemea upande wa mbele, mzito kama gunia lililolowa, akamwelemea Mama Mkwe.

"Tinga, shikilia! Anakuja kwangu!"

"Nimemshika. Tulia. Tunapanda wote, mimi na wewe. Sasa."

Wakainua. Kocha alipanda wima kama nguzo ya umeme, akafika juu, akakaa huko. Kwa utulivu mkubwa alimalizia salamu yake, akaomba radhi kwa usumbufu, akaomba mpira. Ng'ambo ya ukuta mzee akaitikia marahaba, akauliza huyo mama amesimama juu ya nini. Kocha akamjibu kwamba amesimama juu ya timu ya taifa. Mpira ukaja ukizunguka hewani, akaudaka kwa mikono miwili, wakamshusha taratibu kama yai.

Hakuna aliyeweza kusimama. Wasichana walikuwa wamelala kwenye nyasi, wengine wanapiga ardhi kwa ngumi. Kocha mwenyewe alijikaza, akajifanya anakagua kama mpira una upepo wa kutosha, lakini lile sikio lake lililokunjamana lilikuwa limewiva, na mabega yakamtikisika. Alipopata sauti aliwatazama wale wawili.

"Kumbe mnajua kuongea," akasema, akachukua filimbi yake.

Tingatinga na Mama Mkwe walitazamana, kisha kila mmoja akatazama pengine. Maana kushirikiana kumnyanyua kocha ni jambo moja, na lile la Jumapili ni jingine. Njiti alimsikia Mama Mkwe, wakati wa kunywa maji, akisema kwa sauti ya chini kwamba ile rekodi ameshaifuta. Tingatinga alimjibu kwamba haikupigwa kwa sauti ya chini.

Asubuhi ya pili yake, watu wakiwa mezani, Mama Mkwe alisimama. Mikono yake, ambayo ilimwinua kocha, haikujua iwekwe wapi.

"Nilimrekodi mwenzangu akiwa amelala," alisema. "Mtu aliyelala hawezi kujitetea. Nilikosa, na nimesimama kuomba radhi mbele ya wote mliosikia."

Tingatinga alitafuna mkate wake mpaka ukaisha, bila haraka. Kisha akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja mpana, akasema, "Kaa basi. Na unisogezee siagi."

Tangu siku hiyo Njiti alipanda na kushuka kama aliyezaliwa na mbawa. Wale wawili waliita pamoja, wakainua pamoja, na wakianza kubishana, walibishana yeye akiwa salama chini. Jumapili walicheza mechi ya kujipima na klabu ya wanawake watu wazima, akina mama wenye watoto wakiwashangilia kando ya mstari. Walifungwa kwa pointi mbili. Lakini mipira saba iliyotoka nje ilirushwa kwao, na Njiti akadaka sita. Wa sita aliudaka dakika ya mwisho, akampa Tingatinga kabla miguu haijagusa nyasi, na Tingatinga akapita katikati ya wanawake wanne na kwenda kujitupa na mpira nyuma ya mstari wa goli. Mama Mkwe alikimbia kumpongeza, akajikwaa, akamwangukia juu.

Jioni ileile kocha alisoma majina kumi na mawili katika ukumbi wa chakula. Aliyasoma kama yalivyoandikwa kwenye pasipoti, majina matatu matatu, kwa sauti ileile anayosomea ratiba ya kufua. Alipofika la kumi, Njiti aligeuka na wengine kutafuta ni nani huyo mwenye jina refu namna ile. Mama Mkwe ndiye aliyemkanyaga mguu.

"Ni wewe," akamnong'oneza. "Jina lako hulijui?"

Twiga alijua tangu awali kwamba jina lake halimo, lakini kujua ni kitu kimoja na kusikia ni kingine. Alitoka nje akichechemea na mkongojo wake, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, na kwa muda aliachwa peke yake kwa sababu alitaka iwe hivyo. Njiti alimwona dirishani akijifuta uso kwa ukosi wa fulana.

Jezi zilifika siku mbili kabla ya safari, zikiwa zimeshonwa kwa vipimo vilivyochukuliwa mwezi uliopita. Njiti alipewa namba mbili, jezi ya Twiga. Alipoivaa ilimfika magotini, na mikono yake ikapotea ndani. Alipita nayo katikati ya bweni akitembea kama askofu. Tingatinga alilazimika kushika kitanda asianguke kwa kicheko, na Mama Mkwe akatangaza kwamba timu imepata mchezaji na hema lake.

"Mleteni hapa," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Twiga alikuwa na kopo la bati lenye pini alilotumiwa na mama yake, fundi cherehani. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, mguu mbovu ameunyoosha, akamsimamisha Njiti mbele yake, akaanza kukunja pindo na kulibana kwa pini moja moja alizozishika kwa midomo.

"Usicheke," akasema kwa meno. "Ukicheka nitakuchoma."

Njiti aliinua macho darini, akauma ulimi, akajaribu kufikiria mambo ya huzuni. Walikuwa wamefika kwenye pini ya tatu Njiti alipohisi mabega ya Twiga mwenyewe yameanza kutikisika kwa kicheko.