Vidole Viwili vya Pindo

Saa mbili na robo asubuhi, Bi Jokha binti Saif alikuwa amekwisha fagia uwanja, amekunywa chai ya tangawizi na kipande cha muhogo wa jana, na sasa anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, wimbi la kwanza lilipopiga hodi.

Lilikuwa wimbi la kesho alfajiri, dogo, la kimo cha goti. Lilikuwa limepanda kutoka ziwani, likasimama kando ya lami kuzipisha baiskeli tatu zilizobeba bido, madumu ya mawese, kutoka Minago, likavuka, likajikung'uta mchanga kizingitini.

"Pita, pita," alisema Bi Jokha. "Simama wima. Unapinda mgongo kama mutu anatafuta sindano."

Akavuta futi shingoni, akalipima kimo, kiuno na urefu wa mkono, akaandika katika daftari. Wimbi likashukuru kwa kulowesha mkeka kidogo, likarudi ziwani kungoja siku yake.

Bi Jokha alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na moja. Kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, asiyevaa sare ya shule aliyoishona yeye alivaa suruali ya arusi aliyoishona yeye. Macho yalipokataa kuuona uzi, alifunga kazi, lakini kibao cha KUSHONA NA KUPIMA hakukishusha, kwa kuwa kilikuwa kimeshika pembe moja ya bati. Wiki iliyofuata mawimbi yakaanza kuja. Yanayokuja si yote; yote yangejaa mpaka msikitini. Kila saa ya kesho humtuma mkubwa wake apimwe leo. Upepo wa kusini nao huja, ila hautulii, kwa hiyo Bi Jokha huutupia kitambaa na kutazama kinavyoanguka. Mvua hutuma kiwingu kimoja, kikakaa juu ya kamba ya nguo mpaka kiitwe.

Ikifika adhuhuri hufunga daftari, hujitanda kitenge, na kuteremka mwaloni, mahali maboti yanapoegeshwa. Pale pana ubao mweusi. Huandika kwa chaki ya kuchorea nguo:

*MENO YA MKWE, KESHO. Alfajiri goti. Saa nne kiuno. Saa tisa kifua, na kusini inavuma. Mvua hakuna.*

Meno ya Mkwe ni mwamba ulio mbele ya mwalo, safu ya mawe meusi yanayotokeza kiangazi. Umepewa jina hilo kwa sababu unatabasamu mchana kutwa, na hakuna aliyeingia katikati yake akatoka na heshima yake. Wimbi la goti huupita kwa kuomba radhi. Wimbi la kifua hugeuza boti. Wimbi lililopita kichwa, hata bata hawatoki.

Jambo moja tu wageni walihitaji kuelezwa. Bi Jokha, kwa mazoea ya kazi, huongeza vidole viwili vya pindo kwenye kila kipimo anachoandika. Mtoto hukua, alisema, na wimbi nalo hukua njiani. Wavuvi wote walijua. Walisoma ubao, wakatoa vidole viwili, wakaamua. Lameki, fundi wa moteri za maboti, ambaye kila Jumapili huteleza juu ya mawimbi kwa mlango wa friji ya zamani, hakuwa akiuliza kitu ila wimbi la Jumapili.

"Mama, Jumapili iko wimbi la kuteleza?"

"Iko la mbavu, saa tano. Na safari hii vaa suruali iliyo na mpira. Ile ya juzi uliiachia ziwani mbele ya wakwe zako."

Kando ya ubao huo pana kisanduku cha kioo cha biro, ofisi ya bandari. Ndani mna bultini ya hali ya hewa, karatasi yenye kashe, muhuri wa serikali, inayoletwa kila Jumatatu kutoka mbali. Kwa miaka kumi na tisa imesema maneno yaleyale: *Ziwa tulivu. Upepo wa wastani.* Shefu Roger, mkuu wa biro, mzaliwa wa Minago, huibandika kwa mkono wake. Shefu Roger ana boti lake pia. Siku ubao ukisema kifua, boti lake halitoki.

Miaka sita nyuma, siku ya Jumanne, lilikuja kupimwa wimbi ambalo lilibidi liiname kupita mlangoni. Bi Jokha alipanda kigoda. Aliandika mita mbili na kumi na sita, pindo ndani yake, akaliwekea alama ya chaki begani, kama afanyavyo kwa mteja mwenye bega moja lililoshuka. Adhuhuri akaandika ubaoni: *Kesho kupita kichwa. Asitoke mutu.* Saa kumi biro ikatuma mtu na kitambaa kibichi, akafuta. Utabiri wa aina mbili katika mwalo mmoja, ilisemekana, unachanganya raia.

Fadhil, mume wa Bi Jokha, alikuwa Nyanza-Lac akinunua nyavu. Alirudi Jumatano asubuhi kwa pikipiki, akashukia mwaloni moja kwa moja. Alitazama ubao, mtupu. Akasoma bultini, ziwa tulivu. Akasukuma boti na wenzake sita, ambao nao waliukuta ubao umefutwa. Saa tisa lilipatikana kasia.

Bi Jokha alikaa eda miezi minne na siku kumi. Alipotoka, alikwenda biro kuomba cheti cha kifo, akajibiwa kwa adabu kubwa. Bultini ya Jumatano ile inasema ziwa lilikuwa tulivu. Katika ziwa tulivu mtu hafi. Kwa hiyo Fadhil yuko hai, ila hajafika. Tangu hapo, kila Alhamisi huletwa karatasi ya kumwita Fadhil Salmin kwenye kazi za jumuiya za Jumamosi, kusafisha mitaro ya barabara ya soko, na kila Jumatatu huletwa ya pili, ya kumkaripia kwa kutofika.

Bi Jokha hakuwa akitaka kiwanja wala fidia. Alitaka mstari mmoja wenye kashe, useme mume wake amekufa. Alisema ni aibu kumwombea dua mtu ambaye serikali inamwona mvivu.

Asubuhi hiyo basi, baada ya wimbi la goti, likaja la kiuno, likaja la kifua, yakapimwa, yakaenda. Aliponyanyua kichwa akaona jingine limesimama kando ya cherehani, mahali wanaposimama wenye nguo za kurekebishwa. Halikuwa la kesho. Lilikuwa na alama ya chaki begani. Ndani yake, usawa wa kifua, ilikuwa ikielea kofia ya Fadhil, ile ya mkono Bi Jokha aliyomdarizia kwa uzi wa kahawia.

Bi Jokha aliitazama kofia. Hakuitoa. Mteja hachomolewi kitu mfukoni.

"Umechelewa," aliliambia. "Ngoja nivae viatu."

Walipita sokoni pamoja, yeye mbele na daftari kwapani, wimbi nyuma, likijibana lisiloweshe bidhaa za watu. Agata, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikusanya mafungu yake.

"Bi Jokha, na huyu mukubwa unampeleka wapi?"

"Biro. Ni la ile Jumatano."

Agata alifunga meza. Kaka yake alikuwa katika wale saba. Lameki akaweka chini moteri aliyoifungua, akabeba mlango wake wa friji, maana alisema huwezi kujua. Walipofika biro nyuma yao palikuwa na watu kiasi cha harusi mbili.

Mlinzi wa getini aliliomba wimbi karangamuntu. Halikuwa na kitambulisho, likaacha maji kidogo kwenye kikombe, liyagomboe wakati wa kutoka.

"Amahoro, shefu," alisema Bi Jokha.

"Amahoro, Mama Jokha." Shefu Roger alilitazama wimbi kuanzia chini hadi darini. "Likae."

"Halikai. Likikaa halitasimama tena."

Akaeleza. Hakupaza sauti. Hili ndilo wimbi la siku ile, limekuja lenyewe, na hapa kuna daftari lenye vipimo vyake na tarehe. Shefu Roger aliagiza dosye, faili ya Fadhil, akaisoma, akapangusa matone yaliyoangukia ukurasa wa tatu.

"Sheria iko wazi," alisema. "Ushahidi ukiletwa, biro inapima."

Alilipima yeye mwenyewe, kwa mita ya chuma, amepanda juu ya meza. Akashuka, akafungua daftari, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi.

"Mama, daftari yako inasema mbili na kumi na sita. Mimi nimepata mbili na kumi na mbili. Iko tofauti ya sentimita ine. Hili ni wimbi lingine. Labda ni mudogo wake."

Watu wakasogea dirishani. Wimbi lilishuka kidogo bega, lile lenye chaki. Bi Jokha alifungua mdomo, lakini Agata alikuwa ametangulia kuingiza kichwa dirishani.

"Shefu! Usituchekeshe! Hiyo ni pindo!"

"Pindo gani?"

"Pindo ya Bi Jokha! Vidole viwili! Suruali umevaa hiyo, nani alikushonea?"

Shefu Roger alijitazama. Ilikuwa suruali ya arusi yake, ya mwaka wa kumi na moja sasa, na alikuwa akiivaa kazini kwa sababu ilikataa kuchakaa.

"Ni Mama Jokha," alikiri.

"Basi fumua!"

"Hapa?"

"Tumeona miguu mibaya kuliko hiyo," alisema Lameki. "Fumua, shefu."

Shefu Roger alikuwa mtu wa haki, hasa katika mambo yanayopimika. Alikaa, akachukua kisu cha kufungulia barua, akakata uzi wa mguu wa kulia. Pindo likaanguka. Bi Jokha akapiga magoti taratibu, akaweka futi. Sentimita nne. Shefu akafumua na wa kushoto. Sentimita nne.

Nje, mwalimu wa shule ya msingi akasema na yeye afumue, isije ikasemwa shefu alipendelewa. Akafumua. Vidole viwili. Polisi wa zamu akafumua, vidole viwili. Wanawake wakageuza sketi, madereva wa pikipiki wakaweka miguu juu ya usukani, imamu akateremsha pindo la kanzu, muuza simu akaazima wembe. Uzi ulilala barabarani kama manyoya ya kuku siku ya sikukuu. Kila mguu, vidole viwili, si zaidi wala pungufu. Kwa muda wa robo saa mji mzima wa Rumonge ulirefuka sentimita nne, na walioingia kutoka Bugarama na mihogo yao adhuhuri hiyo walidhani wamekutana na watu wa heshima.

Shefu Roger alisimama, suruali ikifagia sakafu.

"Ni lenyewe," alitangaza.

Vigelegele vilipigwa mpaka mabati ya soko yakaitikia. Lameki alipiga mlango wa friji kama ngoma. Watu walitaka kumbeba Bi Jokha juujuu, akawakatalia kwa sababu ya magoti yake, wakabeba daftari. Wimbi lilijinyoosha kwa urefu wake wote, mbili na kumi na mbili, kofia ikazunguka mara moja kifuani mwake ikatulia.

Shefu Roger akaandika katika kitabu cha biro, akisoma kwa sauti: "Wimbi limetambuliwa. Limefika kwa hiari. Kimo kimehakikiwa." Akagonga kashe. Akamkabidhi Bi Jokha nakala.

"Murakoze, shefu. Na cheti?"

"Cheti gani?"

"Cha Fadhil."

Shefu Roger alivua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani.

"Mama, mimi wimbi nimelikubali. Hata mahakamani nitalitetea. Lakini bultini ya siku ile inasema ziwa tulivu, na bultini haitoki hapa. Wimbi naweza kukubali. Ziwa, hapana."

Bi Jokha aliikunja nakala mara nne, akaiweka kifuani. Alitoka nje akiwa amenyoosha shingo, na kelele za shangwe zikaanza upya, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuzizima. Mlinzi akarudisha maji ya kikombe. Mji ukalisindikiza wimbi mpaka mwaloni, lakini halikuingia ziwani. Liligeuka na Bi Jokha, likarudi naye nyumbani, likasimama kando ya cherehani.

Alhamisi ikaja karatasi. Bi Jokha akaisoma kwa sauti: Fadhil Salmin, Jumamosi, saa moja asubuhi, mitaro ya barabara ya soko. Wimbi lilikuwa likisikiliza.

Ijumaa adhuhuri aliteremka mwaloni, akaandika:

*MENO YA MKWE, JUMAMOSI. Alfajiri goti. Saa nne kiuno. Mvua hakuna.*

*BARABARA YA SOKO, JUMAMOSI. Saa moja, wimbi moja, mita mbili na kumi na sita. Mwenye duka ainue magunia.*

Ndani ya kioo, bultini ilisema ziwa tulivu. Wavuvi walisoma ubao, wakatoa vidole viwili, wakaenda kuinua magunia.

Jumamosi saa moja karani wa kazi za jumuiya alisimama kwenye kona ya soko na orodha. Alipofika kwa Fadhil Salmin, wimbi liliinuka, kofia usawa wa kifua.

"Yupo," alisema karani, akaweka alama.

Akaita wa pili katika wale saba, ambaye kwa biro naye yuko hai, wimbi likainuka tena. Akaita wa tatu, likainuka. Liliinuka mara saba, na kwa kaka yake Agata liliinuka juu kidogo, kwa kuwa alikuwa mrefu. Karani aliweka alama saba, kisha likalala chini na kufagia mitaro kutoka soko mpaka msikiti kwa mkupuo mmoja, matope, plastiki, makumbi ya mawese na yote. Barabara ya Rumonge haijapata kuwa safi namna ile, na watu wa pande zote mbili walipiga makofi.

Jumatatu ikaja karatasi kutoka biro. Ilimpongeza Fadhil Salmin kwa kurekebisha mwenendo, na kumtaka Jumamosi ijayo asikose.