Mstari wa Zaburi Nyumbani kwa Oighrig

Imejaa watu hadi mlangoni, na bado ni tupu. Nyumba gani hiyo? Ni nyumba ya Oighrig, kisiwani Lewis, juma lile bahari ilipomchukua Ailean, mwanawe wa pekee, alipokwenda kutega kaa.

Bahari iliirudisha maiti, na jeneza lilikuwa chumbani. Majirani walileta mabenchi na supu, wakaja kila jioni kusali na wafiwa, kama ilivyo desturi. Oighrig alikuwa amelia hadi machozi yakamkauka. Aliyemtia hofu sasa ni mumewe. Tormod, mwimbishaji wa kanisa, hakulia, hakula. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Simwimbii Mungu tena." Oighrig aliwajua wanaume waliozika mtoto wakamzika na Mungu wao humo humo. Huyu naye akienda, atabaki na nani?

"Japo kijiko, shemeji," jirani yao Seonag alimsihi Tormod. "Supu yangu mbaya, najua, lakini haijaua mtu."

Tormod akatazama ukuta.

Murchadh, mzee wa kanisa, akafungua kitabu. "Ndugu yangu Tormod, tuvutie mstari."

Kule zaburi haiimbwi mpaka mmoja auvute mstari, yaani auimbe kwanza peke yake, ndipo wengine waupokee. Na anayeuvuta ni mwanamume siku zote. Tormod akafumbua kinywa. Hakikutoka kitu. Watu wakangoja, macho sakafuni. Nani angempokonya baba mstari mbele ya maiti ya mwanawe?

Oighrig akaiona midomo ile inaanza kufungika. Akajua ikifungika, haitafunguka tena. Akauvuta yeye.

Seonag akamfinya mkono. Murchadh akakohoa. Oighrig aliuimba hadi mwisho, kwamba Bwana yu karibu na waliovunjika moyo, na hakuna aliyeupokea. Bwana, aliomba kimoyomoyo, niaibike mimi, ila huyu usimwachilie. Akaurudia.

Safari hii sauti moja ilipokea, ikikwaruza kama mashua inayoburutwa juu ya kokoto. Ya Tormod. Kisha chumba kizima kikamfuata.

Mstari ulipokwisha, Tormod alikuwa akilia, makamasi ndevuni, wala hajali.

"Umeuanza juu mno, mama Ailean," alisema. "Umetukaba koo sote."

Oighrig akacheka, kicheko kikageuka kilio, na ndani ya kilio hicho akasikia kitu chepesi ambacho hakutegemea kukisikia tena.

"Basi vuta wewe," alimwambia.

Tormod akapangusa ndevu, akauvuta wa pili.