Upepo wa Nyuma ya Ndege

Tangu siku ile lori la Bethwel lilipopita juu ya mahindi ya mama yake, Jepkoech hakupata tena kula ugali bila kuusikia ule mlio. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa mtu anayetafuna changarawe taratibu, na ulianzia kwenye tairi la mbele ukaishia kwenye tairi la nyuma kabisa.

Hayo yalitokea Kiminini, kando ya barabara, katika mavuno yaliyofuata kifo cha baba yake. Mama yake, Chepngeno, alikuwa ametandaza mahindi yote ya mwaka juu ya maturubai ili yashike jua kabla ya kuuzwa. Bethwel, mnunuzi mkubwa wa nafaka, aliitaka sehemu hiyo kwa sababu ilikuwa tambarare na karibu na ghala lake. Alimwambia Chepngeno ahame. Chepngeno akamwomba amwache hadi jioni. Bethwel hakugombana naye. Alipanda lori lake la kijani lililoandikwa HESHIMU JASHO, akalipitisha juu ya maturubai, akalirudisha kinyumenyume, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Mama, leo usiende poshomili," alisema. "Nimekusagia bure!"

Watu waliokuwa madukani walicheka. Baadhi yao walikuwa watu wema. Walicheka kwa sababu maneno yalikuwa yamepangwa vizuri. Chepngeno alipiga magoti, akaanza kuokota punje nzima kutoka kwenye kokoto, na binti yake akapiga magoti kando yake. Mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa karo. Jepkoech alikaa nyumbani mwaka mzima akiwatazama wenzake wakipita na sare zao, na katika mwaka huo alijifunza jambo ambalo hakuna shule inayolifundisha: namna ya kuiweka hasira mahali pakavu ili isioze.

Miaka ilipita. Alimaliza shule akiwa amechelewa. Kanisa moja la Kitale, lililokuwa na ndege ndogo ya kupelekea dawa sehemu za kaskazini, likatangaza kwamba lingemsomesha kijana mmoja urubani. Jepkoech aliomba, akachaguliwa. Mbele ya wazee wa kanisa alisema kwamba alitaka kuwahudumia wagonjwa. Alisema kweli, ila hakuisema yote. Alitaka pia kufika mahali ambapo Bethwel, ili amwone, angelazimika kuinua uso.

Mwalimu wake alikuwa Kapteni Rosaline Wacera, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo haikuhitaji kurudiwa. Katika masomo ya mwanzo Jepkoech aliushika usukani kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi, na ndege ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi.

"Usiikabe shingo," Kapteni alimwambia. "Si kuku ya Krismasi hii."

Kutua ndiko kulikomtesa zaidi. Aliisukuma ndege chini, nayo ikadunda kwenye lami, ikaruka, ikadunda tena. "Unaigombeza ardhi," Kapteni alisema. "Ardhi haikimbii. Iache ije." Ilimchukua muda mrefu kuamini kwamba kuna kitu duniani kinachokuja chenyewe mtu akitulia. Siku alipoamini, magurudumu yaligusa lami kwa ulaini, hata akauliza kama wamefika chini.

Kapteni alikuwa na sheria nyingi, lakini moja aliirudia kila asubuhi. Kabla ya kuruka, rubani hufunga breki na kuingurumisha injini kwa nguvu ili aipime. Upepo wa propela huenda nyuma wakati huo kama dhoruba. "Kwa hivyo kwanza geuka," Kapteni alisema. "Tazama nyuma, ujue ni nani unampulizia."

Jepkoech aliwahi kumsimulia habari za Kiminini. Kapteni alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nimekusikia, mama. Lakini adui yako asipande na wewe. Siku nitakayomwona ndani ya ndege yangu, nitawashusha nyote wawili."

Ikafika safari ya kwenda mbali peke yake: kutoka Kitale hadi uwanja mdogo ulio nje ya mji wa Bungoma, kutua huko, kuruka tena na kurudi. Asiyeifanya safari hiyo vizuri hapati leseni. Ilikuwa siku kavu ya mwezi wa Desemba. Alipaa, akaifuata barabara ya Webuye, na Mlima Elgon ukabaki mkono wake wa kulia, samawati na mkubwa. Chini yake Kiminini ilipita kama kitambaa kilichoanikwa uani. Kando ya barabara mahindi yalikuwa yametandazwa, vipande vya manjano kila mahali. Kutoka juu hakuweza kuona ni kipande kipi kilichokuwa cha mama yake, lakini aliusikia ule mlio.

Mashamba ya mahindi yalipogeuka kuwa ya miwa, aliuona uwanja. Na mwanzo wa uwanja, hapo hasa ambapo ndege hugusa chini, palikuwa na rangi ya manjano.

Mtu alikuwa ameanika mahindi kwenye lami ya ndege.

Alipita juu mara moja ili atazame, kama alivyofundishwa. Maturubai yalikuwa mengi, yamepangwa upande kwa upande. Wanawake walikuwa wakiyageuza mahindi kwa miguu. Kando yao lilisimama lori la kijani lenye maandishi meupe kwenye paji la uso: HESHIMU JASHO.

Mikono ya Jepkoech ilitulia ghafla. Haikuwa imepata kutulia hivyo tangu aanze masomo. Angeweza kurudi Kitale na kusema uwanja ulikuwa na kizuizi. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini lami iliyobaki ilitosha. Aliyaruka maturubai, akaiacha ardhi ije, akatua.

Bethwel alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli. Alikuwa amenenepa na nywele zake zimeota mvi, lakini kicheko kilikuwa kilekile. Alikuja akimpungia mkono.

"Sasa, mtoto. Rubani ako wapi? Mwambie ashuke tuongee kama wanaume."

"Rubani ni mimi, mzee."

"Wewe?" Aliwageukia wanawake. "Mama Ivy, umesikia haka? Ati ni rubani! Si hawa ndio wa kupeana soda huko juu?"

Mama Ivy, aliyekuwa mkubwa wa wale vibarua, hakucheka. Aliendelea kushika ungo wake.

"Naomba uanue mahindi yako, mzee," Jepkoech alisema. "Ninarudi Kitale, na huu ni uwanja wa ndege."

"Ndege gani, bana? Hii yako ni panzi. Msimu wote naanika hapa na sijaona hata moja. Ngojea jua iingie, nitaanua."

"Sina ruhusa ya kuruka gizani."

"Basi ruka na kale kanafasi kamebaki. Ama lala hapa, hawa mama wakupikie uji."

Jepkoech alimtazama. "Unamkumbuka mwanamke wa Kiminini ambaye ulipitisha lori juu ya mahindi yake? Ulimwambia umemsagia bure."

Bethwel alikuna kidevu. Alitafuta kweli, na Jepkoech aliona kwamba hakupata kitu.

"Ni gani huyo? Wale wa Kiminini walikuwa wengi, wanaziba tu barabara." Kisha uso wake ukang'aa. "Lakini nilisema hivyo? Nimekusagia bure? Ai, hiyo ilikuwa tamu!" Akajipiga paja akacheka.

Laiti angekumbuka na kukana, au hata kukumbuka na kujisifu, pengine Jepkoech angeondoka zake. Lakini alikuwa ameubeba mwaka ule kifuani miaka yote hii, na mwenyewe aliyemtwika hakujua kwamba kulikuwa na mzigo.

"Nikipima injini, upepo utakuja huku," alisema polepole. "Funika mahindi yako."

"Upepo? Wa huyo panzi? Peperusha nione!"

Aliwaendea wanawake. "Mama zangu, tafadhali mkae mbali, kule nyasini nyuma ya lori." Mama Ivy alimtazama usoni kwa muda, kisha akaweka kidole mdomoni kama mtu anayezuia tabasamu, akawakusanya wenzake.

Upepo ulivuma kutoka mashariki, na ndege huruka ikiukabili upepo. Kwa hiyo mkia ungeelekea kwenye mahindi apende asipende. Lakini kukaribia au kutokaribia kulikuwa juu yake. Lami ilitosha hata kama angejitenga na mahindi. Hakujitenga. Aliirudisha ndege mpaka ukingo wa turubai la kwanza, akaigeuza, akafunga breki.

Halafu akageuka kutazama nyuma, sawasawa na sheria. Wanawake walikuwa mbali. Bethwel alikuwa amerudi chini ya mwavuli wake, mikono kiunoni. Kati yake na ndege yalikuwapo mahindi, makavu, mazuri, yaliyokwisha kupepetwa.

Akaisukuma injini.

Turubai la kwanza liliinua pembe moja, kama mtu anayeuliza swali, kisha likasimama wima. La pili likajikunja juu ya la tatu. Punje zilipaa, zikamwagika nyasini, mtaroni, kwenye vumbi na kokoto. Mwavuli uliondoka ukielekea kwenye miwa. Jepkoech alitazama sindano za mafuta na joto, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu aliye kanisani. Akazirudia zote, ingawa zilikuwa sawa tangu mwanzo. Aliporidhika, alipunguza injini na kufungua kidirisha.

"Mzee Bethwel!" aliita. "Usihangaike na ungo! Nimekupepetea bure!"

Alipokwisha kupaa alizunguka mara moja. Wanawake walikuwa wamesimama wamekunja mikono. Bethwel alikuwa akiwaonyesha nyasi, akirusharusha vidole. Mama Ivy alimwendea, akamnyooshea ungo, akarudi kusimama na wenzake. Bethwel alibaki nao mkononi. Kisha, taratibu, kama ng'ombe anayelala, alipiga magoti.

Kule Kitale, Kapteni Rosaline alikuwa akimsubiri, simu mkononi.

"Namba yetu ya simu imeandikwa ubavuni mwa ndege," alisema. "Mwanamume mmoja amenitukana mpaka chaji ikaisha. Ulipima injini?"

"Nilipima."

"Ulitazama nyuma?"

Jepkoech alijua kwamba neno moja lingemwokoa. "Nilitazama."

"Ukaona nini?"

"Mahindi yake. Nilisogea karibu makusudi."

Kapteni aliitia simu mfukoni. "Ungesema hukuona, ningekuamini."

"Najua, Kapteni."

Kapteni aliunyoosha mkono, na Jepkoech akaweka ufunguo kiganjani mwake. "Nilikuambia nitawashusha nyote wawili. Wazee wa kanisa nitawaambia mwenyewe. Hutaguza usukani mpaka mavuno mengine yaje. Hapo utairudia safari hii kutoka mwanzo, mimi nikiwa kando yako."

Mwaka mmoja. Bethwel alikuwa amemnyang'anya mwaka. Huu wa pili aliutoa mwenyewe, na alipoupima moyoni hakuuona mzito.

Jioni alimkuta Chepngeno jikoni, ungo mapajani, akichagua mawe katika mahindi ya githeri. Alimsimulia yote, hata habari za ufunguo. Mama yake hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kuchagua, jiwe upande huu, punje upande ule.

"Utakaa chini mwaka mzima," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hukufanya vizuri."

"Ndiyo, Mama."

Chepngeno aliuweka ungo chini. Akasogeza kigoda karibu na moto, akajifunga leso vizuri, akakaa kama mtu aliyekuja kwa ajili ya jambo moja tu.

"Anza tena," alisema. "Pale alipokuita mtoto."