Ndagala Kwenye Fimbo ya Belyse

Mto Mulongwe ulipoingia ndani ya buvette, baa ndogo ya Mama Noella, ulibeba viti, ukabeba redio, ukaiacha meza ya biyare, ule mchezo wa pool, kwa sababu imejengewa miguu ya zege. Fimbo ya kuchezea ya Belyse pia uliiacha, lakini chini ya matope, siku mbili nzima. Ilipochimbuliwa ilikuwa imepinda hata mtu angeweza kuvulia samaki nayo.

Jumatano asubuhi Belyse akaniletea. Alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili, matope yamejaa kwenye blauzi yake.

"Michée, angalia. Mutoto wangu amekufa."

"Hajakufa," nikamwambia. "Amekunywa tu maji mingi. Weka hapa."

Nitasema wazi, sioni haya: hapa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, fundi wa fimbo za biyare ni mmoja, na ndiye mimi. Maseremala wengine wanatengeneza vitanda na majeneza, na wakiona fimbo wanacheka. Wacheke. Mimi nimeandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, juu ya mlango wa atelié yangu, karakana hii:

*Fimbo iliyopindika, hapa huja kunyooka;*
*mkono wangu mwepesi, kazi haujaichoka.*

Belyse aliyasoma maneno hayo, kisha akanitazama machoni. "Dimanshi, saa nane, watu ya Luberizi wanashuka. Unajua?"

Nani asiyejua? Mara mbili kwa mwaka wachezaji wa Luberizi wanashuka kutoka kwenye mashamba yao ya mpunga, wamejaa ndani ya camion, lori la mpunga, na mchezaji mmoja wao anapambana na mmoja wetu. Sheria ni mbili tu. Kila mtu anacheza na fimbo yake mwenyewe, ile ambayo watu wote wanaijua. Anayekuja na fimbo nyingine ameshindwa kabla ya kuanza. Na anayeshindwa anaacha fimbo yake kwa mshindi, moja kwa moja. Fimbo tatu za Uvira zilikuwa tayari zinaning'inia ukutani Luberizi. Zote tatu zilichukuliwa na mtu mmoja, Gaspard, mkulima mrefu mwenye sauti ya upole inayokera kuliko matusi.

Belyse anauza vipuli vya pikipiki sokoni. Fimbo hiyo ameishika miaka sita, na sijawahi kuona mtu anayepiga mpira kama yeye. Akikosa kuja nayo Jumapili, inakwenda Luberizi bila hata mpira mmoja kugongwa.

"Jumapili utaipata," nikasema. "Imenyooka, inang'aa, mpaka ujione sura ndani yake."

Ni mimi niliyesema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha.

Alhamisi nilianza na moto. Fimbo iliyopinda kwa maji unaifunga kitambaa chenye maji, unaipitisha juu ya mbabula, jiko la makaa, polepole, mti unalainika kwa mvuke, halafu unaifunga kwenye fero, chuma cha kujengea kilichonyooka, na kuiacha ipoe. Kazi nzuri sana. Nilikuwa naimba. Fimbo ilinyooka mbele ya macho yangu kama mtu anayeamka usingizini, na kwa furaha hiyo nikasahau kwamba mbele ya fimbo kuna pete nyeupe ya plastiki, pale ngozi ya kupigia inapokaa. Nilisikia harufu kabla ya kuona. Pete ilikuwa inadondoka ndani ya makaa tone kwa tone, na mti chini yake umepata alama nyeusi ya moto, upana wa kidole.

Sikulia. Nilikimbia machinjioni, nikaomba kipande cha pembe ya ng'ombe, nikakikata, nikakitoboa, nikakisugua mpaka usiku ukanikuta. Pete ya pembe! Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Nikajiambia kwamba kosa nililofanya lilikuwa la maana.

Ijumaa ikawa zamu ya ngozi. Nilikuwa na kipande kipya na kole, gundi ile ya tube ndogo, inayokamata kabla hujahesabu mbili. Ngozi mpya lazima ibanwe na kufungwa kwa uzi. Mkono mmoja ulikuwa umeshika fimbo, wa pili umeshika kole, uzi uko mbali juu ya meza. Nikaona njia: niibane ngozi kwa mdomo, sekunde moja tu, wakati navuta uzi.

Kole ikapita pembeni ya ngozi. Nilipotaka kuondoa mdomo, mdomo ulikataa.

Basi hapo nikasimama katikati ya atelié yangu, fimbo ya biyare inaning'inia kwenye mdomo wangu wa chini, na mlangoni anaingia nani? Belyse, pamoja na Mama Domitille, jirani yangu anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

"Michée," Belyse akasema, "uko unapiga tarumbeta?"

"Mmm."

"Minye nilikuya kuuliza tu. Itakuwa tayari?"

"Mmm!"

"Kama vile ilikuwaka mbele? Haina tatizo hata moja?"

Hapo ndipo ningepaswa kutikisa kichwa kukataa. Ningemwonyesha pete, ningemwonyesha alama ya moto. Lakini kichwa changu mimi hakijazoea kukataa mbele ya mwanamke anayeniamini. Nikakubali, mara mbili, na fimbo ikapanda na kushuka pamoja nami.

"Sawa," akasema. "Niko nakwenda kuambia watu wote." Akaenda kweli, karibu anakimbia.

Mama Domitille alibaki. Alinizunguka polepole kama mtu anayetaka kununua mbuzi.

"Mwanangu, weye ndiye unaandikaka maneno matamu kwenye mulango?"

"Mmm."

"Leo masikio ya Mungu yamepumuzika kidogo."

Akaenda kuleta mafuta ya mawese, akayapaka kwenye mdomo wangu, akavuta taratibu. Fimbo ilitoka. Ngozi ya kupigia ilibaki kwenye fimbo. Ngozi kidogo ya mdomo wangu ilibaki pia. Niliikwangua hiyo ya mdomo, nikasaga ile ya kupigia mpaka ikawa duara safi, na ilikuwa imeshika vizuri ajabu.

Jumamosi nikakwangua rangi yake nyekundu, iliyobambuka kwa matope, nikapaka verni ya kung'arisha, kuanzia kitako mpaka kwenye pete. Nilisubiri. Saa tatu, saa sita, saa kumi: verni bado inashika kidole. Mafuriko yalikuwa yamelowesha kuta za atelié yangu, hewa yote ni maji, na ndani ya hewa hiyo verni haikauki hata ukiipigia magoti. Jumapili kulipokucha bado ilikuwa inanata. Na mechi ni saa nane.

Nikafikiri: hapa Uvira, ni wapi vitu vinakauka vizuri kuliko kote? Jibu liko mbele ya macho ya kila mtu. Ni juu ya vitanda vya nyavu vya Mama Domitille, pale ziwani, ambapo ndagala zinaanikwa. Jua kutoka juu, upepo kutoka chini. Yeye alikuwa bado kwenye misa ya kwanza. Sikumngoja nimwombe ruhusa. Nililaza fimbo pembeni kabisa ya kitanda, mbali na samaki, nikaenda kusali misa ya pili nikiwa na moyo mwepesi.

Jambo moja sikulijua, mimi mtoto wa ziwa. Camion ya Bukavu huwa inapakia ndagala Jumapili mchana, kwa hiyo wanawake wakitoka misa wanazipepeta: wanarusha ndagala juu kwa ungo, upepo unaondoa mchanga na magamba, samaki wanarudi safi. Magamba yanaenda upande wa upepo. Upande wa upepo ndiko ilikokuwa verni yangu.

Nilirudi saa sita. Fimbo ya Belyse ilikuwa imeota magamba. Kuanzia kitako mpaka kwenye pete, magamba, mchanga, na ndagala kumi au kumi na tano nzima, zimenata, zinanitazama. Paka wawili walikuwa wamekaa chini yake wakingoja.

"Mama Domi!" nikapiga kelele.

Alikuja, akaona, akaweka ungo chini. "Hii ni nini? Nani ameweka fimbo juu ya kitanda yangu?"

"Ni mimi. Nisamehe. Mechi iko saa nane."

Alibandua ndagala moja, akawatupia paka. Halafu akageukia wenzake. "Banamama! Acheni ndagala. Leteni majivu, leteni gunia, leteni chupa ya kupasuka!"

Mungu wangu, mikono ile! Mwanamke aliyetoa magamba ya samaki miaka thelathini, hakuna fundi wa kumfundisha kukwangua. Mimi nilikwangua verni kwa kigae cha chupa, wao nyuma yangu wakasugua kwa majivu na gunia, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wanaimba wimbo wa kanisa kwa mwendo wa kazi. Ndagala zikaruka, paka wakala. Saa nane kasoro dakika tano, nusu ya mbele ilikuwa mti mtupu, mweupe, laini kama shavu la mtoto. Kitako hatukukimaliza, magamba machache yalibaki yanameta ndani ya verni.

Nikakimbia. Kutoka ziwani mpaka kwa Mama Noella nilikimbia na fimbo begani, na Mama Domitille nyuma yangu ameshika viatu vyake mkononi.

Watu walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Belyse aliipokea, akaigeuza, uso ukabadilika.

"Michée. Iko uchi. Na iko inanuka."

"Ipige tu," nikamnong'oneza. "Tafadhali."

Lakini Gaspard alikuwa amekwisha kusogea. Aliinama, akaangalia, akatabasamu kwa upole wake ule.

"Mama Noella, hii hapana fimbo yake. Ile ilikuwa nyekundu, na pete nyeupe. Hii ni ingine. Sheria munaijua."

Watu wa Luberizi wakashangilia. Mama Noella, mwenye meza na mwamuzi, alichukua fimbo, akaipima mikononi. "Belyse, kweli minye siitambue. Kama hakuna wa kuniambia kitu, fimbo inakwenda Luberizi."

Belyse akanigeukia. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Damu ilinipanda. Nilitaka kumrukia Gaspard. Lakini hasira isingeokoa kitu. Kilichobaki cha kuokoa fimbo ile kilikuwa aibu yangu, yote, mbele ya mji mzima na Luberizi pamoja. Nikapanda juu ya kreti ya bia.

"Ni yenyewe! Mama Noella, vuta pete: chini utaona alama ya moto, niliyeyusha pete ya kwanza juu ya mbabula kama mpumbavu. Angalia ngozi, halafu angalia mdomo wangu: niliigandisha kwa kole, nikatembea nayo kama tembo na mkonga! Verni haikukauka, nikaiweka kwenye ndagala za Mama Domitille bila kumuuliza!"

"Kweli!" Mama Domitille akaingia, anahema. "Minye mwenyewe nilimubandua mudomo na mawese!"

"Na magamba yako hapo kwenye kitako!" nikasema. "Gaspard, niambie: mtu anayetaka kudanganya, angeleta fimbo ya namna hii?"

Mama Noella akasukuma pete, ikasogea kidogo, akaona weusi. Akanusa kitako. Gaspard naye akanusa. Kisha yule mtu mpole akaanza kucheka, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Walinicheka wote. Nilisimama juu ya kreti yangu, kichwa juu, nikachekwa.

"Hapana," Gaspard akasema, akijifuta macho. "Uongo kama huu muntu hawezi kuutunga. Tucheze."

Akapasua mipira yeye. Akaingiza mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu wa tano ukagonga ukingo ukarudi. Belyse akainama. Akavuta fimbo mara ya kwanza, na nikaona mkono wake unashtuka: mti mtupu ulikuwa unateleza juu ya vidole vyake kama maji, haunati, haukwami kwa jasho. Akainua macho kidogo kunitazama. Halafu hakuinua tena. Mmoja! Wa pili! Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Wa tano! Wa saba! Mpira mweusi, wa mwisho, ulikuwa umelala ukingoni, mbali, mahali ambapo mtu wa kawaida anajikinga tu. Belyse hakujikinga. Alipiga, mpira ukakimbia kando ya ukingo mzima wa meza, ukasita mdomoni mwa shimo, ukaingia.

Nyumba ililipuka! Mama Domitille alinishika shingo, mtu akamwaga bia juu ya kichwa changu, nikapiga kelele mpaka mdomo ukapasuka tena pale pale na damu ikanitoka, sikujali.

Gaspard alilaza fimbo yake juu ya meza kwa mikono miwili, kwa heshima. "Ni yako, dada. Uilinde muzuri. Lakini nakuomba kitu moja." Akaninyooshea kidole. "Usimupe huyu."