Orodha ya Wageni

Barua ile aliiandika dada yangu Keziah mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri ambao kila mtu katika mji wetu wa Penrilla aliujua. Ilikuwa Agosti 1916. Vijana wetu wa Australia walikuwa wakiteketea vitani Ufaransa, na kila wiki tulimwona mchungaji akipita mtaani polepole na bahasha ya jeshi mkononi. Wanawake tulichungulia madirishani, kila mmoja akiomba asibishe kwake.

Kamati ya akina mama, ile iliyofuma soksi za askari, ikakaa kikao. Keziah alikuwa katibu.

"Wajerumani wanawaua watoto wetu huko," alisema, "na huku tunanunua soseji kwa ndugu za wauaji. Polisi wamelala. Nataka kila mgeni wa adui, kila raia wa nchi ya adui, aandikwe, bila kuoneana haya."

Tulipiga makofi. Barua ikaenda kwa wakubwa Adelaide na saini thelathini na moja. Mimi, Thirza, mdogo wake, nilitia saini ya nne.

Mtu atauliza: na mumewe je? Shemeji Emil Pohlner alizaliwa Ujerumani, lakini alikuja akiwa na miaka miwili, mgongoni mwa mama yake. Alikuwa mhunzi katika mgodi wa shaba, akiimba sauti ya chini kabisa katika kwaya ya kanisani kwetu. Kijerumani hakukijua ila maneno ya kumfokea farasi. Mwana wao wa pekee, Alwyn, alikuwa vitani upande wetu. Kwa hiyo hakuna aliyemwita Emil Mjerumani, na Keziah aliamini kabisa kuwa baba mkwe wake alishachukua zamani uraia wa Uingereza, ndio uliokuwa uraia wetu sote Australia, na Emil akaupata kwake. Sisi wawili tulikuwa watoto wa wachimba migodi kutoka Cornwall. Tulizaliwa Penrilla, bahari hatujawahi kuivuka, lakini tukisema "nyumbani" tulimaanisha Uingereza.

Wiki sita baadaye, tukiwa jikoni kwake tunakanda unga wa pasti, zile sambusa kubwa za Cornwall, konstebo Hedley Tregenza alipiga hodi. Keziah alimfundisha shule ya Jumapili, na hata Hedley alipoota masharubu hakuacha kumwita Mwalimu.

"Pita, Hedley. Kaa. Umekuja kuchukua majina? Ninayo mawili matatu ya kukuongezea."

Hedley hakukaa. Aliizungusha kofia mikononi.

"Mwalimu, tumetafuta karatasi za marehemu baba yake Mzee Emil. Hazipo. Hakuwahi kuomba uraia."

"Maana yake?"

"Mzee Emil ni Mjerumani. Kisheria ni adui."

Dada aliangua kicheko. "Emil? Emil asiyeweza hata kuchinja kuku?" Hedley hakucheka. Keziah akajipangusa paji la uso kwa mkono wenye unga. "Haya. Sheria ni sheria. Ataona aibu, lakini Jumatatu nitamleta mwenyewe ajiandikishe."

"Na wewe, Mwalimu."

"Nimeshasema nitamleta."

"Sivyo. Na wewe ujiandikishe."

"Kama shahidi wake?"

"Kama mgeni."

Niliacha kukanda.

"Mwanamke anafuata nchi ya mumewe," Hedley alisema, macho sakafuni. "Siku ile mliyofunga ndoa uligeuka Mjerumani. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Wewe Hedley! Mimi niliyekufundisha Amri Kumi! Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, na aliyemzalisha mama yangu ni bibi yako!"

"Najua, Mwalimu."

"Mwanangu amevaa sare ya mfalme!"

"Alwyn hana tatizo. Yeye amezaliwa hapa, ni Mwingereza. Ni wewe tu na mzee."

"Yaani nimezaliwa hapa kama yeye, yeye Mwingereza, na mimi niliyemzaa Mjerumani?"

Hedley akaizungusha tena kofia. "Tusingejua hili. Lakini barua ilipofika, wakubwa walituamuru tupekue daftari zote, hata za ndoa."

Dada alisimama pale pale, unga ukimkaukia vidoleni. Mdomo wake ulifunguka, ukafungika. Miaka yote arobaini na minne niliyoishi naye sikuwahi kumwona akikosa neno.

Jumatatu aliniomba nimsindikize kituo cha polisi. Nilimwambia nina nguo za kuanika. Wakaenda wawili, yeye na Emil. Walimpima urefu, wakaandika rangi ya macho yake, wakamchovya kidole gumba kwenye wino. Tangu siku hiyo ilimbidi kwenda kituoni kila Jumatatu kutia saini, na asitoke wilayani bila kibali.

Alhamisi alikuja kwenye kikao kama kawaida, na daftari lake kwapani. Mwenyekiti, Bibi Rosewarne, alimsubiri mlangoni.

"Keziah, mpenzi, usituelewe vibaya. Si sisi, ni sheria."

"Nimefuma soksi jozi mia mbili na kumi, Mabel."

"Na askari wanashukuru. Lakini unajua watu watasema nini."

Mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mchimba kisima, si ndiye huyo? Kaingia mwenyewe." Wengine wakacheka puani. Keziah alinitazama mimi. Nilijifanya natafuta sindano. Akaweka daftari na ufunguo wa kabati mezani, akaondoka.

Dakika tano baadaye Bibi Rosewarne alipendekeza katibu mpya. Alinipendekeza mimi. Nikakubali. Hadi leo sijui mdomo wangu ulilitoa wapi neno lile.

Mwezi haukuisha, wachimbaji wakasema hawashuki shimoni na vyuma vilivyonolewa na Mjerumani, na Emil akafukuzwa. Akawa anapasua kuni na kuziuza kwa mkokoteni. Jioni moja alimwambia mkewe, nikiwapo: "Nisamehe. Nilikupa jina baya."

"Jina halina kosa," Keziah alijibu. "Mkono ulioandika barua ndio wenye kosa." Kisha akanigeukia. "Na waliotia saini."

Julai iliyofuata mchungaji alibisha kwa Keziah. Alwyn hakufa. Alikuwa amekatwa mkono wa kushoto, na meli ya majeruhi ilikuwa njiani kumleta Adelaide. Dada akakimbilia kituoni kuomba kibali. Jibu lilirudi baada ya siku nne: bandarini ni eneo la kijeshi, mgeni wa adui haruhusiwi.

"Nenda wewe," aliniambia. Hakuniomba. "Mwambie mama yake anamsubiri."

Nilikwenda. Alwyn aliteremka gatini amekonda, mkono wa koti umebanwa na pini. Akaangalia nyuma yangu, kushoto na kulia.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama yuko wapi?"

"Hakuruhusiwa kuja, mwanangu."

"Nani kamzuia?"

Nikamweleza. Barua za dada zilikuwa zimeficha yote. Alinisikiliza hadi mwisho, rangi ikimtoka usoni.

"Mama? Mama yangu ni adui?" Akaushika mkono wa koti ulio mtupu. "Sasa huu nimeupoteza kwa ajili ya nani?"

Niliinama kuchukua mfuko wake, akanizuia.

"Na kamati ilifanya nini? Nani amechukua kazi yake?"

"Mimi," nikasema.

Tulisafiri kwa treni kwa muda wa saa tano na hakunisemesha tena.

Watu wa Penrilla walikuja stesheni na tarumbeta na bendera. Bibi Rosewarne alikuwa mbele, amevaa kofia yake ya manyoya, na mimi nilikuwa na hotuba ya kamati mkobani, tayari kuisoma. Keziah na Emil walizuiwa nje ya uzio wa stesheni, karibu na mikokoteni. Alwyn alishuka, akapita mkono ulionyooshwa wa Bibi Rosewarne kana kwamba ni tawi la mti. Tarumbeta zikakatika moja moja. Akafika kwenye uzio, akainama juu ya waya, na dada akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilimwona Emil amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Bibi Rosewarne akanivuta. "Soma basi, Thirza! Soma!"

"Soma wewe," nikamwambia, nikampa karatasi. Nikatoka kwa lango la mizigo, nikaenda kusimama nao. Keziah hakunisogelea, lakini hakunifukuza pia. Jumatatu nilimsindikiza kituoni, na Jumatatu nyingine zote mpaka vita vikaisha.

Mwaka 1921 Emil alikubaliwa kuwa raia. Tulikwenda wanne mbele ya hakimu. Emil akashika Biblia, akaapa, na hakimu akagonga muhuri.

"Hongereni. Sasa nyote wawili ni raia."

Keziah akainuka. "Mimi hujaniuliza kitu."

"Hakuna haja, mama. Wewe unaingia kwa mumeo."

Alibaki ameduwaa, vile vile kama siku ile jikoni. Nje, kwenye ngazi, alisema taratibu, "Nchi niliyozaliwa, nimerudishiwa na Mjerumani."

"Basi ishike vizuri," Emil akasema, akimpa mkono ateremke. "Sina nyingine ya kukupa."

Dada hakucheka. Aliishi miaka kumi na minane zaidi, na kila ulipopigwa wimbo wa mfalme alisimama kwa heshima, mdomo umefungwa. Nilisimama kando yake. Mimi niliimba, kwa sauti ya chini, kwa sababu sikujua namna ya kuacha.