Shimo la Saba, Safu ya Pili

Haya alinieleza mjukuu wangu wa kike juzi mchana, jikoni kwangu, jicho moja limevimba halifunguki, namkanda kwa maji ya moto.

Anaandika programu za kompyuta kwenye machimbo ya mawe. Pale wanatoboa mwamba mashimo kwa safu, wanashindilia baruti, wanalipua. Kila safu ina shimo lake la kwanza, la pili, mpaka la kumi na mbili. Kwa hiyo ukisema "shimo la saba" hujasema kitu, mpaka utaje na safu. Kwenye kumbukumbu za kompyuta ilikuwa hivyo hivyo: shimo hutambulika kwa namba mbili zikiwa pamoja, ya safu na ya shimo. Lakini alipoandika sehemu ya kuunganisha taarifa za mlipuko na mashimo yake, aliunganisha kwa namba moja tu, ya shimo. Safu akaiacha. Na majaribio yote aliyafanya kwa safu moja, mambo yakaenda kama maji.

Asubuhi hiyo shimo la saba la safu ya kwanza lililipuka. La saba la safu ya pili likagoma. Skrini ikayapa yote mawili alama ya kijani, yaani yamelipuka. Mtoboaji, wanayemwita Patasi, akasogeza mashine yake safu ya pili na kuchomeka ncha pale pale, baruti ikiwa bado ndani.

Mwamba ulimpasukia usoni. Walipomfikia, mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeshika mpini wa mashine, mwenyewe yuko hatua sita nyuma, anapiga kelele kama ng'ombe.

Mjukuu wangu alikimbilia kompyuta, akahesabu taarifa safu kwa safu. Akatoka mbio nje, akakutana na kijana mmoja, mdogo wa Patasi, spana mkononi.

"Nani alisema shimo lile limelipuka?"

"Mimi."

Kofi la kwanza lilimlaza chini. Teke likamkuta mbavuni. Kijana akainua spana.

"Kaka, utaniua baadaye! Kuna lingine!"

"Lingine lipi, mwongo wewe?"

"Safu ya nne, la tatu! Halijalipuka! Tazama nani amesimama juu yake!"

Kijana akageuka. Ni baba yao mdogo, yeye na Patasi, mzee aliyetiwa uziwi na kelele za mashine za miaka thelathini, ameshawasha yake, hasikii akiitwa. Spana ikaanguka. Kijana alishuka mteremko akivingirika, akamvaa mzee kiunoni, wakaanguka pamoja. Mzee akamtandika ngumi ya pua akidhani anavamiwa. Ncha ya mashine ilikuwa imebakiza kiganja kimoja kufika kwenye baruti.

Machimbo yakafungwa. Mjukuu wangu akakaa kwenye kompyuta, jicho likivimba, akaandika upya ile sehemu ya kuunganisha: safu na shimo, pamoja, kila mahali. Yule kijana alisimama nyuma yake, pua inavuja damu.

"Jaribu kwa safu zote," alisema. "Siyo moja, dada. Zote."

Akajaribu zote. Siku mbili hakupata usingizi. Akifumba macho anauona ule mkono.

Kitambaa nilichomkandia kilikuwa bado kwenye jicho simu yake ilipolia. Ni yule yule wa spana.

"Kaka yangu ameamka. Anauliza ni mshenzi gani amechukua mashine yake."

Mjukuu wangu akacheka, akashika mbavu, akalia. Kisha akaegemea ukuta, na kabla maji hayajapoa akawa amelala.