Mpangaji wa Mguu wa Kushoto

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba unyayo wangu wa kushoto ulivamiwa wiki ya mashindano, na wote waliopaswa kunisaidia waliona ni kichekesho.

Kilianza kipele karibu na kidole gumba. Kesho yake kipele kikaota mkia mwekundu, mwembamba kama uzi, uliojipinda kama mtu aliyesahau aendako. Ukawasha. Nisemapo kuwasha sizungumzii mbu. Nilijikuna kwa mswaki na kwa ufunguo wa sanduku, mpaka jirani yangu wa kitanda akauliza kama najifunza gitaa.

Mguu huo ndio ninaourukia. Jumamosi shule jirani zilikuwa zinakuja kwetu, na mwaka uliopita, kwenye kuruka mbali, nilishindwa kwa upana wa kidole. Mwaka mzima nilikuwa nakidai kidole hicho.

Nikaenda zahanati ya shule. Nesi ni dada yake baba, ila ndani ya geti ni marufuku kulitaja hilo.

"Shangazi, angalia mguu..."

"Nani shangazi yako hapa?"

"Sista, naomba uangalie mguu."

Akautazama kwa jicho moja. "Kalamu nyekundu."

"Haki ya Mungu si kalamu!"

"Muhula uliopita ulipata surua ya kalamu nyekundu, siku ya mtihani wa hesabu. Nikampigia baba yako simu nikilia." Akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua mpaka machozi yakanitoka. Mstari haukufutika. "Safari hii umenunua kalamu nzuri," akasema. "Toka nje."

Basi nikaenda maktaba kusoma baiolojia kwa hiari yangu, jambo lililomtia mkutubi hofu. Mhalifu nikamkuta humo: safura wa mbwa. Mnyoo huyu hukaa kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, na yakipata mchanga wenye unyevu na kivuli huanguliwa. Mabuu hungoja unyayo. Yakiingia kwa mbwa yanaijua njia mpaka utumboni. Wapo wachache wa ukoo huo wanaofika hata kwenye utumbo wa binadamu, lakini wengi kwetu hupotea, wakabaki kuzurura chini ya ngozi wakitafuta mlango. Nilimhurumia wangu kwa muda mfupi sana.

Mchanga wenye unyevu na kivuli! Mwalimu wa michezo, tunayemwita Kipyenga, analitunza shimo la kuruka kama kitanda cha mchicha. Liko chini ya mti, analimwagilia asubuhi na jioni ili mchanga uwe laini, na haruhusu viatu, kwa sababu kwake kiatu kinamfanya mrukaji kiziwi, asiisikie ardhi. Na mbwa wa shule, aitwaye Kiranja kwa kuwa anakagua kila bweni na hajawahi kuadhibiwa, kila asubuhi huonekana akitoka shimoni na uso wa aliyemaliza shughuli nzito.

"Mwalimu," nikamwambia, "mchanga una minyoo."

"Mchanga wangu? Ninaoumwagilia kwa mikono yangu?"

"Tatizo ni huko kuumwagilia, Mwalimu."

"Kijana, kama umeiogopa Jumamosi, sema umeogopa."

Nilirudi zahanati nikichechemea kwa hasira. "Sista, chukua kalamu yako mwenyewe, ya bluu. Weka alama pale mstari unapoishia. Funga bandeji, piga saini juu yake. Ufungue kesho."

Anapenda kupiga saini. Akakubali.

Kesho yake alipofungua, mstari ulikuwa umeivuka alama ya bluu na kukata kona. Akavaa miwani. Akainama.

"Mwanangu," akasema, ndani ya geti kabisa, "si ungeniambia?"

"Nilikuambia!"

"Ungeniambia vizuri."

Akanipa vidonge, kisha akauliza nilikokanyaga. Nikaliona swali linakoelekea.

"Bafuni," nikasema.

"Mbwa haogi. Wapi?"

Dirishani watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanapita pekupeku, wanakimbilia mazoezi. Nikawatazama, nikawalaani kimoyomoyo, mmoja mmoja.

"Shimo la kuruka."

Kabla ya chakula cha mchana shimo lilizungushiwa kamba na mchanga ukaanza kuzolewa. Kiranja alipewa dawa ndani ya kipande cha nyama, akapapaswa kichwa na kuitwa mbwa mzuri. Mimi sikupapaswa. Kipyenga akaja akasimama mlangoni pa zahanati, filimbi mkononi.

"Hukuweza kungoja Jumapili?"

Hilo hilo nilikuwa najiuliza.

Jumamosi wageni walikimbia, wakarusha mikuki, wakavuta kamba. Kuruka mbali kulifutwa. Nilikaa benchi ya zahanati, mguu bado unawasha, maana shangazi alisema mdudu akifa mwasho hauishi siku hiyo hiyo. Akanijia yule aliyenishinda mwaka jana.

"Wewe ndiye uliyetufungia shimo?"

"Ndimi."

"Nimefanya mazoezi mwaka mzima, bwana!"

"Na mimi je? Nilikuwa nalala?"

Akapiga magoti, akautazama unyayo wangu kwa muda mrefu. Hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Hivi kinaanzaga kama kipele?"

"Karibu na kidole."

"Kwetu nako kuna mbwa," akasema kwa sauti ndogo, akakaa kando yangu na kuanza kufungua kamba za kiatu.